Blanketi la Wageni

Jumapili ya wageni, Nyumba ya Rehema ilinukia poda. Poda ya watoto ilinyunyizwa vitandani, ikanyunyizwa shingoni mwa wazee, na kila kitanda kikafunikwa blanketi jekundu ambalo siku nyingine zote lilifungiwa kwenye kabati la Matroni Magdaline. Watoto wa wazee hao waliingia kwa tai na kwa vilemba vya kanisani. Waliviona vichwa vilivyochanwa vimejipanga juu ya wekundu ule, wakasimama miguuni pa kitanda, wakaomba, wakamshukuru Mungu na matroni, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa. Hapakuwa na viti.

Wacera alikuwa ameuza viazi katika soko la Nyeri miaka ya kutosha kulijua gunia lililooza ndani kabla halijafunguliwa. Siku hiyo aliinama kumnywesha mama mkwe wake uji aliouleta kwa themosi, na chini ya poda akasikia harufu. Akainama tena, akijifanya anautengeneza mto. Ilitoka chini ya blanketi.

"Baba Kagure," alimnong'oneza mumewe. "Mama ananuka kidonda."

Ngatia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa kamati ya nyumba hiyo, na mtu anayejali sana watu watasema nini. Aliangalia kwanza kushoto na kulia. "Hapa ni mbele ya watu, Wacera."

"Si nimgeuze tu kidogo? Niangalie."

Kabla hajamaliza, Magdaline alikuwa ameshafika, mwanamke mnene mwenye kofia nyeupe na sauti ya kuongozea kwaya. "Kuna shida, Mwalimu?"

"Hakuna shida, Matroni. Mama Kagure alikuwa anauliza tu kama anaweza kubadilisha mama nguo."

"Kubadilisha?" Magdaline aliipandisha sauti ili na wageni wa vitanda vya jirani wapate mgao wao. "Mama, si ni wewe ulishindwa kumuosha huko kwako, ukatuletea? Basi tuachie kazi yetu. Hapa tuko na utaratibu."

Mgeni mmoja wa kitanda cha pili alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani yake. Ni kweli Wacera na mumewe walimleta, lakini lilikuwa neno la mama mwenyewe. Alipopooza upande wa kulia, alikataa katakata kuoshwa na mke wa mwanawe. Alisema kwa ulimi wake mzito kwamba afadhali aonwe na watu asiowajua. Sasa hilo utalieleza vipi mbele ya wageni? Mtaa mzima wa Skuta ulikuwa umeshasema kwamba Wacera amemtupa mama mkwe kama ganda la ndizi.

Ngatia aliomba sala ndefu, mikono yake juu ya chuma cha kitanda. Katikati ya sala mama alifungua macho, akautoa mkono wake mzima chini ya blanketi, akakishika kidole cha Wacera na kukikaza. Sala ilipofika amina alikuwa bado hajakiachilia, na Wacera akalazimika kukichomoa.

Jioni, katika vyumba vyao viwili vya kupanga huko Skuta, Wacera alingoja watoto walale.

"Wewe ndio mtoto wake," alisema. "Funua uone."

Ngatia aliweka kikombe chini. "Unasikia unachosema? Nitoke kwa tumbo ya yule mama, halafu niende nimfunue? Niangalie nini huko?"

"Basi niruhusu mimi. Useme mbele ya Magdaline ati umeniruhusu."

"Mama mwenyewe alikukataza. Sasa kwa sababu hawezi kukimbia, unataka kumvunjia heshima?"

Hapo alimpata. Hilo ndilo lililomsumbua Wacera na yeye. Angeweza kumfunua mama kwa nguvu, lakini angemwangalia tena usoni vipi?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Ngatia hakulitaja. Mzee Hezekiah, mwenyekiti wa kamati ya Nyumba ya Rehema, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa shule, na kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa wazi tangu Pasaka. Baada ya Jumapili mbili kungekuwa na harambee ya kujenga wadi mpya, na mheshimiwa mbunge angekuja. Ngatia ndiye angesoma hotuba ya kamati. Ndani ya hotuba hiyo alikuwa amemweka mama yake kama mfano: hata mimi nimemleta hapa mama yangu mzazi. Sentensi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, na ilimpendeza.

"Heshima," alisema Wacera akiondoa vikombe. "Hiyo heshima yenu inanuka, Baba Kagure."

Alhamisi asubuhi alimwomba Simeon, mwenye pikapu ya kubeba viazi, ampitishe Nyumba ya Rehema. Alichukua gunia moja la viazi kama zawadi. Mwaka ule wa ukame, watu walipokuwa wakila mahindi ya manjano ya msaada na kushukuru, hapakuwa na jiko ambalo lingemfungia mlango mtu mwenye viazi. Mpishi alimfungulia mlango wa nyuma na kuanza kushusha gunia huku akimwita baraka. Wacera akapita.

Poda haikuwepo. Wala mablanketi mekundu. Wazee walilala chini ya mashuka yaliyobadilika rangi, na harufu ilimgonga Wacera puani akarudi hatua moja. Mwanamke mmoja alikuwa akiita maji kwa sauti ya mtu aliyeacha zamani kutegemea kuletewa. Wasichana wa kazi walikuwa nje juani, wakisukana nywele.

Mama mkwe wake alilazwa juu ya upande wa kulia, ule uliokufa. Mkono wake mzima ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa kipande cha shuka.

"Mama, ni mimi."

"Usiniangalie," alisema mama.

"Nitakuangalia, Mama. Utanisamehe baadaye."

Akafunua. Penye nyonga palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, na ndani ya shimo kulikuwa na kitu cheupe ambacho Wacera alikijua ni nini lakini akili ikakataa kukitaja. Alikuwa amezaa, alikuwa ameosha maiti ya dada yake. Hata hivyo alishika kitanda asianguke. Hasira ilikuja baadaye kidogo, ikamsimamisha wima. Fundo la shuka lilikuwa limekauka kwa uchafu, akalifungua kwa meno. Akamwinua mama, akamfunga mgongoni kwa leso kama anavyobebwa mtoto. Mama aliguna tu. Hakuwa na uzito wowote, na hilo lilimuuma Wacera kuliko kidonda chenyewe.

Magdaline aliwakuta mlangoni, kofia upande. "Unaiba mgonjwa! Huyu ako chini ya kamati!"

"Niitie polisi," alisema Wacera. "Niitie, waje waone na wao."

Magdaline akasogea pembeni. Pikapu iliondoka bila mtu kuisimamisha.

Katika hospitali ya mjini nesi Zeynab, mzaliwa wa Nanyuki, aliosha kile kidonda kila asubuhi, na Wacera alimshikia beseni. Mwanzoni mama alifumba macho wakati wote wa kuoshwa. Siku moja aliyafungua, akamtazama mkwewe aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, akasema, "Wacera. Nilikukatalia bure." Basi. Wacera alitoka na beseni, akaenda kulia chooni.

Ngatia alikuja jioni, akitoka shuleni, na kusimama pale pale pa siku zote, miguuni. Magdaline alikuwa ameshamwendea kabla hajafika hospitalini. Alikuwa amemweleza kwamba kila mgonjwa anayelala sana hupata vidonda, na kwamba mkono ulifungwa ili mama asianguke. Maelezo yalikuwa mazuri, tena yalimwachia Ngatia hotuba yake nzima bila kukatwa. Akayaamini.

"Mwalimu," Zeynab alimwambia, "kesho uje asubuhi, uone nikimwosha."

"Haiwezekani, dada. Kwetu haiwezekani. Yule ni mama yangu."

"Mficha uchi hazai, Mwalimu."

Methali hiyo Ngatia aliifundisha darasa la saba kila mwaka. Alichukua kofia yake akaaga.

Harambee ilipokaribia alikuja na habari. Wadi ya hospitali ilikuwa imejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na hospitali haikuwa na neno mama akichukuliwa, mradi mwanawe aweke sahihi. Kamati ingekuja kesho na gari.

"Mzee Hezekiah anasema mama akikosekana Jumapili, watu watauliza," alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni katibu, Wacera."

"Sijauliza katibu. Nimeuliza mtoto wake. Akirudi huko atakufa."

"Magdaline ameahidi kitanda ya dirishani. Ameahidi mbele ya wazee."

Waliyasema hayo juu ya kitanda, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mama katikati akisikia kila neno. Watu walikuwa wameshazoea kudhani kwamba aliyepooza ulimi amepooza na masikio.

Ijumaa walikuja. Mzee Hezekiah mbele, fimbo mkononi. Nyuma yake Mzee Moffat, ambaye kazi yake kwenye kamati ilikuwa kukubali. Na mwisho Magdaline, akiwa na blanketi jekundu lililokunjwa mkononi. Wanaume walivua kofia. Wakaomba. Walimwombea mama afya, wakaiombea harambee hali nzuri ya hewa.

"Mama Kagure," Hezekiah alimwambia Wacera, "ile maneno ulifanya ya kuvunja nyumba ya Mungu, sisi tumekusamehe. Tumeona ni uchungu tu. Hata tunda likianguka, mti hausikii vizuri."

"Sitaki kusamehewa, Mzee. Nataka mfunue muone."

Hezekiah alicheka kwa upole, kama anayemsaidia kutoka aibuni. "Sisi wazee wa kanisa? Tufunue mwanamke mzee? Mama, hata wewe!" Akamgeukia Ngatia. "Mwalimu, malizana na hawa watu wa hospitali. Gari iko nje, na uko na hotuba ya kupiga pasi."

Ngatia alitoa kalamu. Wacera aliangalia ile kalamu ikitoka mfukoni. Mzee Moffat aliweka karatasi juu ya meza ndogo ya dawa na kuinyoosha kwa kiganja.

Ndipo mama alipouinua mkono wake mzima. Alishika shuka akalitupa pembeni. Akashika gauni la hospitali, akalivuta, likakwama, akalivuta tena mpaka likafika kifuani. Kisha akatoa bandeji kwa kucha. Akalala hivyo, mwili wake wote mbele yao mchana kweupe, na macho yake akayakaza kwenye macho ya Hezekiah.

Katika nchi ile ya mlimani hakuna asiyejua maana ya jambo hilo, awe ameokoka au hajaokoka. Mwanamke mzee akijifunua kwa makusudi mbele ya wanaume, amewalaani, wao na uzao wao, na hiyo si laana ya kuondolewa kwa wimbo. Mzee Hezekiah alijifunika uso kwa kofia, akagonga kitanda cha jirani, akaiacha fimbo ikibingirika sakafuni. Moffat alikuwa ameshafika mwisho wa korido. Magdaline aliwafuata akipiga mayowe ya Yesu, Yesu. Walikimbia uchi wa mama. Kidonda kilikuwa pale pale mbele yao, nao wakakipita wamefumba macho.

Ngatia hakukimbia. Alikuwa amegeukia ukuta, paji la uso limegusa rangi, kalamu bado mkononi.

"Geuka," alisema Wacera.

"Siwezi."

"Wale wamekwenda. Sasa amebaki na wewe tu. Geuka, Baba Kagure."

Akageuka. Kwanza alitazama miguu, halafu kwa shida, kama anayepanda mlima na mzigo, akafika kwenye nyonga. Hapo macho yakakaa. Alitazama muda mrefu.

"Kumbe ni kweli," akasema.

Wacera alitamani kumpiga kofi. Alikuwa amemwambia Nyumba ya Rehema, akamwambia nyumbani, nesi akamwambia, pua zake mwenyewe zikamwambia. Na mama ilibidi afike hapa, avue kitu cha mwisho alichokuwa nacho, ndiyo mwalimu aelewe. Ngatia alianza kulia, lakini Wacera hakumbembeleza. Alikuwa na kazi ya kumfunika mama, ambaye sasa alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Kufikia Jumamosi hadithi ilikuwa imefika Skuta, tena imegeuzwa. Mama Ngatia ni mchawi; mkwewe ndiye aliyemfundisha; wawili hao wamewalaani watumishi wa Mungu. Ilisemekana pia kwamba Mzee Hezekiah, aliyehubiri miaka yote dhidi ya mila za giza, alichinjiwa mbuzi nyuma ya nyumba ya kaka yake ili atakaswe. Huenda ni kweli. Kuhusu kuisafisha Nyumba ya Rehema hakuna aliyesema lolote, na harambee ikabaki siku yake.

Jumapili Ngatia alitoka bila tai na bila hotuba. Hakusema anakwenda wapi. Wacera alimfuata kwa mbali, akihofia kwamba anakwenda kuomba msamaha, na akiwa ameapa moyoni kwamba akifanya hivyo hatarudi kulala nyumba moja naye. Lakini Ngatia hakuingia. Alisimama nje ya lango la Nyumba ya Rehema, mikono mitupu, huku wageni wakimpita na kumkwepa. Ndani kwaya ilikuwa imeanza.

Mkokoteni wa punda ulikuja polepole kutoka upande wa Othaya. Mwanamume aliyevaa koti la kanisani aliuongoza kwa miguu, na juu ya godoro alilala mama mzee, kilemba kipya kichwani.

"Ndugu," alisema Ngatia. "Unapeleka mama hapa?"

"Eeh. Nimesikia kuna kitanda imepatikana."

"Hiyo kitanda ni ya mama yangu."

"Oh. Pole sana. Alituacha lini?"

"Hajakufa." Ngatia aliukaribia mkokoteni. Halafu akasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho: "Ndugu, mimi nimeona uchi wa mama yangu."

Watu waliokuwa wakiingia walisimama. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Neno hilo halisemwi, si sokoni, si kilabuni, seuze langoni mwa nyumba ya kanisa, tena na mwalimu.

"Kwa nyonga yake, hapa, iko shimo. Mfupa unaonekana. Walimfunga mkono kwa kitanda na shuka. Nilikuwa katibu wa hii nyumba. Nilikuja kila Jumapili, nikasimama, nikaomba, sikufunua."

"Mwalimu amerukwa na akili," alisema mtu, na wenye tai wakaongeza mwendo kuingia ndani, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Wapo kati yao waliokuwa na mama zao humo.

Mwenye mkokoteni alibaki. Alimtazama Ngatia kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa kuchukizwa waziwazi.

"Na mtu anaweza kusema kitu kama hiyo juu ya mama yake?"

"Hawezi," alisema Ngatia. "Ndio maana hakuna mtu amewahi kusema."

Yule mtu alimgeukia mama yake juu ya godoro. Mama alikuwa akimtazama tu. Mwanamume alisimama hivyo mpaka punda akaanza kula majani ya ua. Kisha akamshika punda kichwani, akageuza mkokoteni, wakaanza kurudi walikotoka bila kuaga.

Huyo mmoja alirudi. Ndani mheshimiwa alikuwa amefika, watu wakimpigia makofi, na vile vitanda vingine vyote vilikuwa vimejaa.